Mgeni Apewe Nambari ya Simu kwa Jina Lake

Visiwa vyetu vimezoea wageni tangu enzi za majahazi. Mwaka 2023 pekee walifika Zanzibar watalii zaidi ya laki sita, mbali na ndugu zetu wa Ngazija wanaokuja kwa matibabu na biashara, na walimu na mafundi wa kigeni wanaokaa nasi miezi au miaka. Wote hao, kabla hata hawajatua mizigo yao, huhitaji kitu ambacho msafiri wa zamani hakukijua: nambari ya simu ya hapa. Bila ya nambari hiyo dereva hampati, mwenye nyumba hampati, wala hawezi kulipa kwa fedha za simu kama walipavyo wenyeji. Tunaona wakati umefika wa kulizungumza jambo hili waziwazi, kwani namna linavyoendeshwa inawaumiza wenyeji kuliko wageni.

Sheria yenyewe haina utata. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka kila laini isajiliwe, na tangu Mei 2019 usajili huo hufanywa kwa alama za vidole: raia kwa kitambulisho chake cha taifa, mgeni kwa hati yake ya kusafiria. Wananchi hawajaisahau misururu ya Januari 2020, wakati muda wa kusajili upya ulipokuwa unamalizika, na wanakumbuka pia kwamba Februari 2023 laini zisizohakikiwa zilifungwa. Baada ya taabu yote hiyo, inakuwaje mgeni ashuke bandarini Malindi na, kabla hajafika barabarani, auziwe na papasi laini iliyo tayari hewani? Laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani?

Jibu tulilipata hivi karibuni kwa mzee mmoja wa Bumbwini aliyefika ofisini kwetu. Mzee huyu aliitwa na wapelelezi kuelezea nambari asiyoijua, iliyotumika kumtapeli mtu fedha zake kwa ule ujumbe maarufu wa kutaka pesa itumwe “kwa namba hii”. Nambari ilikuwa ya jina lake. Alipofikiri sana alikumbuka kwamba siku aliyosajili laini yake, kijana aliyekuwa na mashine chini ya mwavuli alimwambia mtandao umegoma, aweke kidole tena, na tena. Mzee aliweka. Kila kidole kilizaa laini, na laini hizo ziliuzwa kwa watu wasiotaka kuulizwa jina, wakiwamo wageni wenye haraka na matapeli wasio na haraka yoyote. Tunashukuru kwamba aliaminiwa, lakini nauli za kwenda na kurudi mjini, na aibu ya kuonekana kituoni mbele ya wakwe zake, hakuna aliyemlipa.

Wapo pia wanaotoa majina yao kwa wema. Mtumishi wa hoteli Paje au Nungwi humwonea huruma mgeni aliyefika usiku, akamsajilia laini kwa kitambulisho chake mwenyewe. Huo ni ukarimu uliopotea njia. Mgeni akishaondoka, kadi hubaki mezani au kwenye pipa la taka, na atakayeiokota anaokota jina la mtu. Tunawasihi vijana wetu wamkaribishe mgeni kwa kila kitu isipokuwa kidole chao.

Mgeni naye tusimlaumu upesi. Anayetoka Uingereza, ambako laini ya kulipia kabla hununuliwa dukani bila ya kuonesha kitambulisho, hushangaa kuombwa pasipoti na alama za vidole kwa ajili ya simu. Ndugu zetu walioko Maskati na Dubai wangemwelewa: nao walipofika waliombwa pasipoti au kadi ya ukaazi, na wengi walianza maisha kwa kuazima nambari ya binamu. Tofauti ni kwamba anayetaka kufuata sheria lazima aoneshwe pa kuifuata. Hapa petu mgeni aliyefika kwa ndege ya usiku akikuta dawati la usajili limefungwa, huondoka na wa kwanza atakayemwita rafiki.

Tunafahamu kuwa simu ni jambo la Muungano, na kwamba usimamizi wake uko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Lakini bandari ya Malindi na Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume viko mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi, na wanaopangishwa nafasi humo hupangishwa kwa masharti. Basi na liwepo sharti kwamba kampuni ya simu inayotaka nafasi hapo iweke mtu mwenye mashine ya usajili kila ndege na kila boti inapofika, bei iandikwe ukutani, na mgeni apewe karatasi yenye jina lake na nambari yake. Mamlaka nayo iwafuatilie mawakala wenye miavuli mpaka shamba, kwani ndiko vidole vinakoibwa.

Wakati huo huo, kila msomaji mwenye simu apige *106# leo hii aangalie nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende kwa kampuni husika ikafungwe, na ujumbe wowote wa kitapeli aupeleke kwenye 15040. Mzee wa Bumbwini alipofanya hivyo mbele yetu, kwa kusaidiwa na mjukuu wake, alikuta nambari nyingine tatu.

Msimu mkubwa wa wageni huanza Juni. Tungependa kuyaona madawati hayo kabla ya hapo.