Bustani Hupimwa Baada ya Sikukuu



Parokia yetu imejengwa juu ya mtelemko unaotazama Ziwa Kivu. Miaka michache iliyopita, siku za Kipaimara zilipokaribia, sisi vijana tulikabidhiwa kazi ya kupamba kando ya ngazi za kanisa. Tulichanga pesa, tukanunua maua yaliyokwisha kuchanua, tukayapanda siku tatu kabla ya sikukuu. Wazee walitupongeza. Kisha kiangazi kikaja, na hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwagilia maji. Kufikia mwezi wa nane yalibaki mabua makavu. Mvua kubwa ya mwezi wa tisa ilikuta udongo uko wazi, ikauteremsha hadi mlangoni pa jirani yetu, mama mjane, nasi tukatumia Jumamosi mbili kuurudisha juu kwa makarai.

Tangu siku hiyo tunashikilia neno moja: bustani haipimwi siku ya sikukuu, hupimwa baada yake. Tungependa kulieleza neno hilo kwa mfano wa mmea ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu, nao ni jeraniumu.

Kwanza tusahihishe jina. Ua jekundu linalokaa katika vyungu barazani mwetu, ambalo tunaliita jeraniumu, kwa kweli ni pelargoniumu, na asili yake ni Afrika Kusini. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka mimea hiyo miwili katika jenasi moja mwaka 1753. Mwaka 1789 Mfaransa Charles Louis L'Héritier aliitenganisha, lakini watu walikuwa wamekwisha kulizoea jina la zamani, nalo halijawatoka hata leo. Jeraniumu halisi ina petali tano zinazolingana. Tunda lake ni jembamba na refu kama mdomo wa korongo, na ndiyo sababu jina lake latokana na neno la Kigiriki la ndege huyo. Tunda hilo likikauka hufyatuka ghafula na kuzirusha mbegu mbali.

Katika bustani za Ulaya mimea hii miwili ina maisha tofauti. Pelargoniumu hung'aa majira yote ya joto, na wapita njia huisifu. Lakini baridi ya kugandisha maji ikifika, hufa isipoingizwa ndani ya nyumba. Jeraniumu halisi hunyauka majani tu. Mizizi yake hubaki hai chini ya theluji, na baridi ikipita huchipua tena mahali palepale, mwaka baada ya mwaka.

Wanaoipanda huanza kwa kutazama mahali, kisha huchagua mmea. Penye kivuli kikavu chini ya miti huweka Geranium macrorrhizum, ambayo majani yake yenye harufu hufunika ardhi hata magugu yakakosa nafasi. Penye jua na unyevu huweka Geranium pratense. Maua ya kwanza yakiisha, huikata karibu na ardhi, ijapokuwa bado ina majani. Majani mapya huchipuka, na mara nyingine maua ya pili. Baada ya miaka kadhaa hulichimbua shina, huligawa, na kumpa jirani sehemu. Iko aina mashuhuri iitwayo Rozanne, iliyoonekana katika bustani ya Donald na Rozanne Waterer huko Somerset, Uingereza. Haizai mbegu. Hata hivyo imeenea katika nchi nyingi kwa mikono ya watu walioigawa na kuizidisha, na mwaka 2013 ilichaguliwa kuwa mmea wa karne katika maonyesho ya maua ya Chelsea, London.

Mmea huu umefundisha hata wataalamu. Mwaka 1787 Christian Konrad Sprengel, mkuu wa shule huko Spandau, Ujerumani, alilitazama ua la jeraniumu ya msituni kwa makini. Chini ya petali aliona vinyweleo laini. Kwa kuwa aliamini kwamba Muumba hakuumba hata unywele mmoja bila kusudi, alijiuliza kazi yake ni nini. Akaona kwamba vinalinda asali ya ua isiharibiwe na mvua, ili wadudu waikute safi. Kutokana na swali hilo dogo alichunguza maua mengi mengine, na mwaka 1793 akatoa kitabu kilichoeleza jinsi wadudu wanavyosaidia maua kuzaa. Kitu ambacho wengine walikiona kuwa pambo tu, yeye alikiuliza kazi yake.

Je, tuagize jeraniumu kutoka Ulaya? Maoni yetu ni hapana. Zile zilizoea kupambana na theluji, na sisi theluji hatuna mashambani mwetu. Majaribu yetu ni miezi mitatu ya kiangazi, kisha mvua nzito juu ya mtelemko. Mmea ulioshinda baridi ya Ulaya waweza kushindwa hapa. Tusiige mmea, tuige swali la wanaoupanda: majaribu ya mahali hapa yakija, wewe utafanya nini?

Milima ya Afrika ina jeraniumu zake pia. Geranium arabicum, yenye maua madogo yenye mishipa ya rangi, hutambaa katika nyasi na kingo za misitu ya nyanda za juu. Lakini asitokee kijana wa kwenda kung'oa mimea katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Anayeikuta kando ya shamba aombe ruhusa ya mwenye shamba, achume mbegu chache, mmea auache.

Kwenye ngazi zetu tulianza upya. Tulipanda vetiveri kwa mistari inayokatiza mtelemko, kwa kuwa mizizi yake huteremka mita mbili na zaidi na kuushika udongo. Kati ya mistari tuliweka mimea iliyokuwa imejiotea penyewe katika viwanja vyetu na kuvuka kiangazi bila msaada. Tulipanga zamu za maji kwa mwaka wa kwanza tu. Siku ya sikukuu hakuna aliyetupongeza; kulikuwa na majani mengi na maua machache. Mvua za mwezi wa tisa zilipokuja, mlango wa mama yule ulibaki safi.

Wako wanaosema kwamba sikukuu inataka uzuri. Nasi twakubali, maua ya kukatwa kwa ajili ya altare yana nafasi yake. Tunachokataa ni kumwaga mchango wote wa mwaka katika uzuri wa majuma mawili na kuuacha udongo bila mlinzi. Wengine husema vijana ni wapitaji: huyu aenda masomoni, yule aolewa, mwingine atafuta kazi mjini, basi kwa nini wapande mmea wa miaka kumi? Kwetu hiyo ndiyo sababu ya kuupanda. Mmea unaotuhitaji kila asubuhi utakufa siku tutakapoondoka. Ule uliojishikiza ardhini utawangoja watakaotufuata, nao wataugawa kama walivyogawiwa.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kitembee uwanjani pa parokia yake kikiwa na daftari. Kiandike mimea iliyovuka kiangazi kilichopita bila kumwagiliwa, na mahali ambapo mvua ilichukua udongo. Kisha tujadili: tukipewa pesa kidogo leo, tutazitumia kwa siku ya wageni, au kwa siku ya mvua?