Wapangaji wa majitaka watuhesabu mchana

Miji ya mpakani huhesabiwa watu wakiwa wamelala. Sensa ya Kenya ya 2019 ilichukua usiku wa Agosti 24, ya Tanzania ikauliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, na Uganda ikafanya vivyo hivyo Mei 2024. Kwa kupanga shule hesabu hiyo inafaa. Kwa kupanga bomba la majitaka, haitoshi.

Mhandisi huanza na idadi ya wakazi, akaikadiria miaka 20 au 30 mbele, ndipo akaamua upana wa bomba. Sasa nenda Busia saa sita mchana. Mama wa samaki, dereva wa lori anayesubiri karatasi, utingo wake, wabeba mizigo, mnunuzi wa nguo aliyeshuka basi alfajiri: wengi wao walilala kwingine, na wote watahitaji choo hapa. Choo cha soko kikifurika, tunaambiwa wafanyabiashara ni wachafu.

Bomba kuu likishafukiwa hukaa miaka 50 na zaidi. Kulipanua ni kuchimba barabara na kubomoa vibanda, na sote tunajua ni vibanda vya nani. Ardhi ya mabwawa ya kusafishia majitaka nayo itengwe mapema, upande ambao maji yanateremkia, kabla haijakatwa viwanja.

Gharama ya kutopanga hailipwi na halmashauri peke yake. Kipindupindu kilipoikumba Lusaka, Januari 2018 serikali ya Zambia ilifunga masoko makubwa na kupiga marufuku uchuuzi mitaani. Mwenye mzigo uliopita Tunduma na Nakonde kwenda huko alibaki nao, na nyanya hazisubiri tangazo la wizara.

Hesabu ya mchana si ngumu kupata. Uhamiaji wanayo, forodha wanayo, na mkusanya ushuru wa soko anakata risiti kila siku. (Wanaopita njia za panya hawamo humo, wajue wanajipunja hata choo.) Kenya na Uganda zilizindua kituo cha pamoja cha Busia mwaka 2018 ili lori lisikaguliwe mara mbili. Kama forodha wameweza kukaa meza moja, wahandisi wa maji wa pande zote mbili wanashindwa nini? Bonde la mto Sio ni la nchi zote mbili, na maji yake huishia Ziwa Victoria, anakovuliwa samaki tunayemuuza.

Upande wa Kenya, Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mipango ya kaunti. Mganda anayelipa ushuru wa soko huko kila wiki naye apewe nafasi ya kusema. Kikao kikiitishwa, chama cha wafanyabiashara kipeleke vitabu vya risiti na kiulize swali moja: bomba hili limepimwa kwa watu wangapi, wa usiku au wa mchana?