Hesabu ya Mashina

Nyanda za juu za Njombe, ambako baridi na ukungu humwandama mkulima, ni nchi ya viazi mviringo, na katika maradhi ya viazi hapana liogopwalo kama baka jani, ambalo likiingia konde lililolowa huweza kulikausha kwa siku chache. Basi si ajabu kwamba habari ya mbegu inayostahimili, ikishuka hadi Makambako, mahali reli ya TAZARA na njia ya Songea zikutanapo na barabara kuu ya Zambia, huwa imekwisha pokewa kama yakini.

Tujaalie mtu apande mashina 10 ya mbegu mpya na 10 ya mbegu ya zamani, yakapona 8 ya kwanza na 5 ya pili. Atasema, kwa moyo safi, kwamba 80 kwa mia imeishinda 50. Walakini shina hapa halitafutiwi wastani: ama limeugua ama limepona, na mambo ya mafungu namna hii yana mizani yake katika ilimu ya takwimu. Kai-mraba, aliyoiasisi Karl Pearson mwaka 1900, aghalabu hutakiwa itumike pale idadi itarajiwayo katika kila fungu isipopungua 5. Hapa wagonjwa watarajiwao ni 3.5 kila upande, kwa hiyo insafu yataka kipimo halisi cha Ronald Fisher, nacho chajibu kwamba, hata kama mbegu hizo hazina tafauti yoyote, pengo kama hilo au kubwa zaidi lingetokea kwa bahati mara 35 hivi katika 100. Kwa hujja hiyo, si haki kumshauri mkulima atoe akiba yake.

Sidharau majaribio madogo. Anthony Allison, katika utafiti wa Kenya aliouchapisha mwaka 1954, aliwaambukiza malaria Waluo 30 waliojitolea: kati ya 15 wenye jeni moja ya selimundu, 2 tu walionekana na vimelea, kati ya 15 wasio nayo, 14. Kipimo kile kile cha Fisher chaipa bahati chini ya nafasi moja katika elfu kumi.

Liharibulo zaidi, kwa rai yangu, ni jambo lisiloonekana katika jedwali: baka jani hupita kutoka shina hadi shina, hata mashina 200 ya kitalu kimoja yasiwe mashahidi 200, bali karibu shahidi mmoja aliyerudia kauli yake. Hapo hata kipimo sahihi hudanganya, maadamu kimelishwa wingi usiokuwapo.

Nawasihi maafisa ugani wa Njombe na Makambako, na walimu wa baiolojia kadhalika, wazigawe mbegu kwa kura katika vitalu vingi. Waandike daftarini, kabla jembe halijagusa udongo, watahesabu nini na kwa kipimo gani. Na watangazapo asilimia, waitangaze pamoja na idadi ya vitalu.