RISITI INAYOFUTIKA: KIJANA, DAFTARI LAKO LIMEANDIKWA KWA JOTO!

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, fungua pochi yako. Ndiyo, hiyo hiyo iliyovimba mfukoni siyo kwa sababu ya fedha bali kwa sababu ya makaratasi. Toa risiti ya ushuru uliyopewa mwaka jana. Toa ya kuegesha gari la tajiri wako. Toa ya simu uliyonunua na kuambiwa "tunza risiti, ndiyo waranti yako." Unaona nini?

Huoni kitu! Karatasi nyeupe pee, au ya kijivu kama jivu la mkaa, na kivuli cha tarakimu ambazo hata kwa miwani ya babu huzisomi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakujua kwamba utafika wakati ambapo daftari lenyewe litapotea bila habari, likiwa limelala mfukoni mwa mwenye mali!

Yamenikuta mimi mwenyewe. Niliitwa katika ofisi moja, nikaambiwa nina deni la ushuru wa miezi minne. Nikacheka, maana nililipa na risiti ninazo. Nikazitoa kwa mbwembwe na kuzipanga mezani kama karata. Karani akaziangalia, akazigeuza, akazirudisha kwangu. "Kaka, hizi ni karatasi tupu." Nikalipa mara ya pili, na safari hii nikapewa risiti ya aina ile ile!

Hiki si kioja cha mtu mmoja. Ni mtego, na kila kijana wa mjini amesimama ndani yake, awe mlipaji au mkusanyaji. Tusidanganyane.

MASHINE ISIYO NA WINO

Kile kimashine cha mkononi, kinachobebwa kiunoni na kijana wa ushuru, au kukaa pembeni ya kikokotoo dukani, hakina tone la wino. Hakuna wa kujaza wala wa kukauka. Ndani yake kuna kichwa cha kuchapia, ambacho ni mstari wa vijihita vidogo mno. Kwa mashine ya kawaida ya karatasi ya milimita 58, mstari huo una nukta 384, nane katika kila milimita moja. Kila nukta hupata moto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hupoa. Rola ya mpira inavuta karatasi juu ya kichwa, na panapoguswa na moto panageuka peusi.

Kwa hiyo rangi haitoki kwenye mashine. Rangi imelala ndani ya karatasi yenyewe, katika dawa iliyopakwa upande mmoja, ikisubiri joto. Ndiyo maana ukiikwaruza kwa kucha inaacha mstari mweusi. Na ndiyo maana ukiisahau kwenye dashibodi ya daladala saa saba mchana, mwanga unaipausha au joto linaigeuza nyeusi yote. Mafuta ya mikono, spiriti ya kunawia na mfuko wa plastiki laini vyote vinakula maandishi hayo taratibu. Karatasi nzuri ikikaa gizani, mahali pakavu na pasipo joto, inaweza kudumu miaka. Lakini nani kati yetu ana kabati la namna hiyo? Kabati letu ni mfuko wa nyuma wa suruali!

SHERIA YA MIAKA MITANO, KARATASI YA MIEZI MITANO

Sasa sikiliza sheria inavyosema. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Mitano! Muuzaji asiyetoa risiti anaadhibiwa, na mnunuzi asiyedai risiti naye anaadhibiwa. Hapo hatuna ugomvi. Nchi haijengwi kwa maneno, inajengwa kwa kodi, na anayekwepa kodi anamwibia mama anayejifungua katika zahanati isiyo na glovu.

Ugomvi wetu ni huu. Mashine za kielektroniki za risiti, EFD, zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwenye VAT. Mwaka 2013 zikateremshwa kwa wadogo. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2014 maduka yalifungwa katika miji kadhaa, watu wakilalamikia bei ya mashine iliyozidi nusu milioni. Mei 2023 Kariakoo ikafunga milango kwa malalamiko ya kodi na manyanyaso, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Kelele zote hizo zilihusu bei, viwango na kukamatwa. Nani aliyewahi kusimama akauliza karatasi inaishi muda gani?

Tafakari kijana mwenzangu. Mauzo yanapopita kwenye EFD, taarifa zake huhifadhiwa ndani ya mashine na kutumwa kwa wakubwa. Kumbukumbu yao haififii. Haina jasho, haina jua, haifuliwi na suruali. Wewe unabaki na kipande kinachojifuta chenyewe. Siku mkikutana mezani, mmoja ana daftari na mwingine ana karatasi tupu. Hiyo ni kesi, au ni maigizo?

NANI ANABEBA MASHINE JUANI?

Upande wa pili wa mtego yuko kijana mwingine. Amemaliza shule, amesota vijiweni, hatimaye amepata kibarua cha kukusanya ushuru stendi au sokoni. Anakabidhiwa mashine, chaja na maneno mawili: "Usipoteze." Basi! Hakuna aliyemfundisha kubadili karatasi, kusafisha kichwa wala kutunza betri. Asubuhi anatoka, saa nane mchana betri inakata, na foleni ya mama ntilie na wapagazi iko mbele yake.

Afanye nini? Akikusanya bila risiti, ni mwizi. Akiacha kukusanya, ni mvivu. Na mashine ikizimika katikati ya kuchapa, mara nyingi malipo yanakuwa yameshaingia kwenye mfumo ingawa karatasi haijatoka. Kijana asiyefundishwa anaingiza malipo yale yale mara ya pili ili apate risiti. Jioni mfumo unasema amekusanya elfu themanini, mkononi ana sabini na sita. Anaambiwa amekula! Deni linaandikwa kwa jina lake, na kesho linakuwa kubwa zaidi.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akitaja katika ripoti zake mashine za POS za halmashauri zinazokaa muda mrefu bila kuwa hewani, na makusanyo yasiyofika benki. Wezi wapo, hatukatai, na wafungwe. Lakini mwizi aliyezima mashine makusudi na kijana aliyezimikiwa na betri wanaonekana sawasawa kwenye kompyuta ya mhasibu. Anayejua tofauti ni yule aliyesimama juani, na huyo haulizwi!

IJUE MASHINE, WASIKUONEE

Kwa hiyo kijana, silaha ya kwanza ni ujuzi. Mtu asiyeijua mashine yake anaonewa na kila mtu, kuanzia fundi wa mtaani hadi bosi wa ofisini. Yashike haya.

Kwanza, karatasi. Ikitoka nyeupe kabisa, usikimbilie kusema mashine imekufa. Pengine roli umeliweka kinyume. Kwaruza pande zote mbili kwa kucha; upande unaoacha alama nyeusi ndio unaopaswa kugusa kichwa. Roli la bei ya kutupa lina dawa hafifu na vumbi jingi. Unaokoa mia mbili leo, kesho unanunua kichwa kipya.

Pili, soma dalili kama daktari. Mstari mweupe unaoshuka wima katikati ya maandishi maana yake kichwa kina uchafu, au nukta moja imekufa. Maandishi yakififia upande mmoja tu, angalia kama kifuniko kimefungwa sawasawa. Yakififia yote, shuku betri iliyochoka au karatasi mbovu. Mashine inayowaka vizuri lakini inazimika kila ikianza kuchapa, hiyo ni betri, kwa sababu kupasha vijihita ndiko kunakokula umeme kuliko kazi nyingine yoyote.

Tatu, safisha. Zima mashine, iache ipoe. Chovya pamba kwenye spiriti safi, futa kichwa taratibu, kisha acha pakauke dakika chache kabla ya kufunga. Futa na rola vumbi lake. Ole wako ukikwangua kwa kisu, pini au kiberiti! Mkwaruzo mmoja unaua nukta, na nukta ikishakufa hakuna maombi ya kuifufua. Wala usivute karatasi kwa nguvu kifuniko kikiwa kimefungwa. Ikate kwa pembeni kwenye meno yake.

Nne, betri. Hizi ni za lithiamu, na adui yake mkubwa ni joto. Usiiache mashine ndani ya gari lililofungwa wala juu ya meza ya bati. Usiichaji juani, usiichaji chini ya mto ukiwa umelala. Tumia chaja yake, siyo ya jirani eti kwa sababu tundu linafanana. Usisubiri ifike sifuri kila siku. Ukiiweka wiki kadhaa bila kazi, iache ikiwa na chaji nusu. Ikivimba, iache mara moja! Hiyo si betri tena, ni bomu la mfukoni.

Tano, kabla ya kuondoka asubuhi chapa karatasi ya majaribio. Katika mashine nyingi unazima, unashikilia kitufe cha kusogeza karatasi, kisha unawasha. Ikitoka mbovu, ripoti kabla ya kuanza kazi, na ripoti hiyo iandikwe. Na mashine ikizimika katikati ya risiti, usiingize malipo upya! Washa, tafuta muamala huo, chapa nakala. Usipouona, mwite msimamizi, na uandike saa, kiasi na namba ya mteja kwenye daftari la peni. Daftari la peni halizimiki.

Nawe unayelipa, piga picha ya risiti siku ile ile, namba na msimbo wa QR vionekane. Kama ni ya fedha nyingi, itolee fotokopi ya kawaida. Weka ya asili kwenye bahasha ya karatasi, siyo ya plastiki.

HATA AFYA YAKO IMO

Bado hujamaliza kushangaa? Karatasi nyingi za aina hii zimetumia kemikali iitwayo BPA ili rangi itokee. Kemikali hiyo huweza kupita kwenye ngozi, na wanasayansi wanaihusisha na kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya ulibana matumizi yake katika karatasi hizi kuanzia Januari 2020: isifike asilimia 0.02 ya uzito. Wazungu walijali vidole vya makeshia wao. Kijana wetu anayeshika risiti mia tatu kwa siku, kisha anamega ugali kwa mkono ule ule, nani amejali vidole vyake? Nawa mikono, ndugu yangu. Na roli linalouzwa kama halina BPA usilishangilie haraka, maana baadhi ya viwanda vimeweka BPS, ndugu yake wa damu.

TUNACHODAI

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, kwamba magazeti yaandike siasa. Kumbe siasa ni nini? Siasa ni kuuliza nani anabeba mzigo na nani anabeba funguo. Anayekulazimisha utunze ushahidi miaka mitano akupe ushahidi unaoweza kuishi miaka mitano!

Tunadai haya, na si makubwa. Risiti ya serikali ichapwe kwenye karatasi ya kiwango kinachojulikana, na muda wake wa kuishi uandikwe. Aliyelipa asidaiwe kwa sababu karatasi imefifia wakati malipo yake yako kwenye mfumo wa yule yule anayemdai. Wajibu wa kutafuta uwe wa ofisi, siyo wa pochi ya mlalahoi. Kila kijana anayepewa mashine afundishwe, apewe betri ya akiba na roli za kutosha kwa gharama ya aliyemtuma. Na kabla hajaitwa mwizi, rekodi ya mashine ichunguzwe mbele yake.

Mpaka hayo yatimie, usikae ukisubiri huruma. Leo jioni, kabla ya mpira na kabla ya kahawa, zitoe risiti zako zote. Zilizobaki na maandishi, zipige picha. Zilizokwisha kufifia, andika orodha yake kwa peni na urudi kwa aliyekupa kudai nakala. Akikuuliza unaitakia nini, mwambie hivi: karatasi imefutika, lakini mimi sijasahau!