Usiniulize Pesa Ngapi

Kila nikiweka video ya chombo changu cha rimoti, swali ni lile lile: "Bro, nahitaji pesa ngapi kuanza?" Leo niwajibu vile naona. Wengi wenu shida si pesa. Shida ni kungoja.

Naijua hiyo shida. Niliacha chuo mwaka wa pili, na miezi mingi nilikuwa tu natazama video za watu Ulaya wakishindanisha vyombo vya IOM: urefu mita moja, uzito usiopungua kilo 4. Vitamu kweli. Mimi sikujenga hata kimoja. "Nikipata doo," nilikuwa nasema.

Siku moja mamangu akaniuliza, bila ubaya, "Mwanangu, kuna kitu ushawahi kukimaliza?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kuokota foam ya kufungia TV.

Kwa hivyo achana na IOM kwanza. Jenga RG65. Urefu usizidi sentimita 65, matanga yasizidi sentimita mraba 2,250 kwa jumla, na hakuna uzito wa lazima. Unaingia nacho kwa matatu ukikipakata. Hakina injini. Rimoti ina kazi mbili tu: servo moja inageuza usukani, nyingine inavuta na kulegeza demani. Kazi ya kusukuma ni ya upepo.

Changu cha kwanza kiliyeyuka. Si mchezo! Nilipaka rezini ya poliesta, ile ya faiba, ikaila foam mbele ya macho yangu. Cha pili nikatumia epoksi. Uzito wa mkuku ni chubwi za wavuvi, tanga ni plastiki nyepesi, na risiva nimeifunga ndani ya puto, maana maji ya chumvi hayaonei umeme huruma.

Nikakishusha Tudor, siku ya bamvua, maji yakitoka. Ujinga. Mkondo ukakibeba, ikabidi dogo mmoja akiogelee. Sai nangoja maji mafu.

Mtasema, si heri kununua kilicho tayari? Kama doo iko, nunua, lakini nunua viwili. Hapa ndipo sikubaliani na wengi: mashindano si ya waliobobea, ndiyo shule yenyewe. Ukiwa peke yako, kila chombo kina mbio. Nilijiona nahodha mpaka jirani akaleta chake, kibaya kushinda changu, akanipita mara nne tukienda bisha. Kumbe nilikuwa nakaza tanga mpaka chombo kinakosa nguvu. Nikalegeza kidogo, kikaenda. Video zote zile hazikunifunza hilo.

Anzeni na chupa mbili za plastiki kama maboya na sheria moja: anayepata upepo kutoka kushoto anampisha anayeupata kutoka kulia. Zingine mtazijua mkizozana.

Mamangu alikuja Jumapili moja, akanikuta nashindwa. "Hicho umekimaliza?" Nikamwambia bado, mkuku umepinda, narekebisha leo usiku. Akacheka, akaketi kutazama raundi nyingine.

Kwa hivyo usiniulize pesa ngapi. Niambie utashindana na nani, halafu tuanze kuongea.