Daftari la wiki: Kiti cha katikati

Jumamosi jioni alikuja jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Baada ya shikamoo na chai nikamkalisha kwenye kiti cha katikati. Wapenzi wa mitambo ya muziki wanakijua kiti hicho. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji vinafanya pembetatu yenye pande sawa, na hapo mwimbaji husikika kama amesimama mbele yako, kwenye ukuta mtupu. Ukisogea hatua moja kushoto, anakimbilia spika ya karibu. Kwa hiyo sebule nzima ina kiti kimoja tu kizuri, na hicho ni cha mgeni. Kwangu hilo halina mjadala.

Nilikuwa nimemwandalia santuri ya jazi ya Marekani, iliyorekodiwa vizuri mno. Akaisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mwanangu, Mbaraka huna?"

Nikamwekea Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wetu wa Tanzania. Haukupita muda akainua kidole. "Hilo gitaa zito lilikuwamo siku zote?"

Lilikuwamo. Ila enzi zile wimbo alikuwa akiusikia kwenye redio ndogo, ile ya mkulima. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha upana wa kiganja hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito kiasi hicho. Mzee wangu aliupenda wimbo ule tangu ujana wake bila kuusikia wote. Tuliurudia mara tatu. Ile jazi sikuigusa tena.

*

Walkman ya kwanza ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Ilikuwa pia na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na kipaza sauti kidogo kinawawezesha wasikilizaji wawili kusemezana. Mwenyekiti wa Sony aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake mbele ya mwenzake. Baadaye tundu la pili liliondolewa. Mimi ningeliacha.

Jumanne, ndani ya daladala, niliwaona wanafunzi wawili wamegawana hedifoni, kila mmoja na sikio lake. Mmoja alikuwa anapata upande wa kushoto wa wimbo, mwenzake wa kulia, na wote wawili wanatikisa vichwa.

*

Mjini Yokohama, mwaka 1933, ulifunguliwa mkahawa uitwao Chigusa, ambao watu waliuendea kusikiliza jazi. Santuri za ng'ambo zilikuwa ghali; kijana asiye na kitu alinunua kikombe kimoja cha kahawa akasikiliza. Mikahawa ya namna hiyo ilienea Japani, na katika mingi kuongea kulipigwa marufuku.

Nawaheshimu kwa usikivu wao, lakini sisi watu wa taarabu hatukulelewa hivyo. Kwetu wimbo ukikuchoma unainuka, unakwenda kumtunza mwimbaji. Mwimbaji wetu Siti binti Saad alipotoka kurekodi Bombay mwaka 1928, santuri zake zilipigwa kwa gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, isiyo na umeme wala nyaya. Sioni nani angeweza kumnyamazisha mtu aliyesikia Kiswahili chake kikitoka ndani ya sanduku lile. Hata sebuleni kwangu, anayetaka kuitikia kiitikio, aitikie.

*

Kinachoniudhi ni mwenyeji anayemtajia mgeni bei ya nyaya za spika kabla hajamwekea wimbo. Mgeni anatoka hapo akijua thamani ya mtambo na kuona muziki mzuri si wa watu kama yeye. Kuzitoa spika zako kwenye kona na kuziacha mbali kidogo na ukuta hakugharimu hata shilingi, na kunaisafisha besi kuliko vingi vinavyouzwa.

*

Kama kuna santuri za marehemu baba zimelazwa stoo, moja juu ya nyingine, zisimamishe wima leo hii. Joto na uzito huzipinda, na santuri iliyopinda ni kazi kubwa kuinyoosha. Ukishazisimamisha, mwite shangazi au jirani aliyezicheza enzi hizo. Mpishe kiti cha katikati, na umuulize anataka uanze na ipi.