Picha ya ukungu isikugharimu macho

Msomaji, kama umewahi kufika kando ya Ziwa Naivasha alfajiri mwezi wa Julai, wajua ninachosema. Ziwa hilo liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa baridi hewa hupoa upesi kuliko maji. Kunapokucha ukungu huwa umetanda kama moshi wa kuni mbichi, na mafunjo yaonekana nusu. Kwa filamu ya rangi utapata picha iliyofifia tu. Kwa filamu nyeusi na nyeupe, hupati uzuri unaoupita huo.

Nawapongeza wanaoamka saa kumi na moja kuifuata picha hiyo. Kutembea kidogo, kisha kungoja kimya bila simu kulia, huituliza akili. Ila nina ugomvi nao: wanaogopa kisichowadhuru, na kinachowadhuru wanakidharau.

Wanachoogopa ni baridi. Eti ukungu utawapa kichomi. Kichomi huletwa na viini, si na ukungu. Vaa sweta nzito, ufunike kichwa, uende. Mwenye pumu ndiye abebe dawa yake ya kuvuta, kwani hewa baridi yaweza kumbana kifua. Na usisimame kati ya kiboko na maji. Wakati huo ndipo anaporudi kutoka malishoni.

Hatari ninayotaka uifikirie ni jua lenyewe. Likichomoza ndani ya ukungu huwa kama sahani ya fedha, na mtu huona anaweza kulikazia macho. Kisha ukungu hutawanyika ghafla. Kama kamera yako ni ile ambayo jicho hutazama kupitia lenzi yenyewe, lenzi ndefu hukusanya miale kama kile kioo tulichowashia karatasi tukiwa watoto, ikaimwaga kwenye retina nyuma ya jicho. Retina haihisi maumivu. Utajua saa kadhaa baadaye, utakapoona doa katikati ya kila unachokitazama. Doa hilo huenda likafifia baada ya miezi, huenda likabaki maisha, na hakuna dawa iliyothibitishwa kuliondoa. Miwani ya kawaida ya jua haikukingi. Basi lifiche jua nyuma ya mti, au ligeuzie kisogo. Kwa maoni yangu hata picha huwa bora hivyo.

Tuje kwenye chumba cha giza. Mzee aliyenifundisha kuosha picha alikuwa akichovya mikono mitupu kwenye dawa, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Yeye alilaumu sabuni. Dawa nyingi za kuoshea huwa na metoli, ambayo huwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi, na ngozi ikishaikataa ni vigumu kuizoea tena. Nyingi pia zina haidrokwinoni, ile ile ya krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku humu nchini. Ajabu ni kwamba mtu asiyethubutu kuipaka usoni huiogea hadi kwenye viwiko.

Dawa ya kukazia picha nayo hutoa gesi ya salfa dioksaidi. Chumba changu cha kwanza kilikuwa choo kilichozibwa dirisha kwa blanketi, na kila Jumapili jioni nilikohoa nikidhani ni vumbi. Toboa pa kupitishia hewa na uweke feni ya kuivuta nje. Tumia koleo na glavu za mpira. Kama ngozi yako imeanza kuwasha, ulizia dawa isiyo na metoli. Kuna hata iliyotengenezwa kwa vitamini C badala ya haidrokwinoni.

Mzee wangu hakuvaa glavu hata siku moja. Miaka yake ya mwisho mjukuu wake ndiye aliyeshika sinia za dawa, yeye akakaa kwenye kiti mlangoni, akisema tu ni picha ipi iongezwe sekunde mbili.